Njia ya Bomba Nyuma ya Jiko la Mama Kabula

Sisi tuliokulia Bariadi wakati ule, tukiwa bado wilaya ya pembeni ya mkoa wa Shinyanga, tulikuwa na ujuzi mmoja ambao watoto wangu hawana na wala hawautamani. Tulijua maji yetu yanapita wapi chini ya ardhi. Hata leo ukinishusha mtaani kwetu, upande wa magodauni ya pamba, naweza kukutembeza juu ya bomba la zamani kuanzia kwenye tenki mpaka kilulani, pale kwenye bomba la umma la kuchotea, ingawa juu yake siku hizi kuna nyumba ya kulala wageni, duka la simu na ukumbi wa harusi.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka mtaa ulivyokuwa. Nyumba zilikuwa za tofali mbichi, zimezungushiwa minyaa, na mtoto aliyechezea utomvu wa minyaa alirudi nyumbani macho yamevimba na bado akachapwa. Msimu wa pamba, malori ya ushirika yalipita yamejaa hadi juu, na nyuzi nyeupe zikabaki zimenasa kwenye miiba ya uzio kama vile mtaa mzima umeota mvi. Tulizikusanya, tukazifunga kwa matambara, tukapata mpira wa kuchezea rede. Mfukoni tulikuwa na michembe. Viazi vile vilivyokaushwa vilikuwa vigumu kama vigae, ukitafuna kipande kimoja kutoka nyumbani kinakufikisha shuleni, na mwalimu wa namba akikuuliza jibu unajibu kikiwa kimekuvimbisha shavu. Watoto wa leo ukiwapa michembe wanauliza inapakwa nini juu yake.

Shuleni tulikwenda na dumu la maji, fagio na kuni. Jioni tulirudi na vumbi hadi kwenye kope. Chakula kilikuwa ugali wa mtama na mlenda, na siku ambayo mtu ametoka ziwani tulikula furu waliokaushwa. Mama alikuwa na msemo wake kila tulipolalamika: "Kama hujashiba, kunywa maji. Baba yako ndiye anayeyaleta." Alisema kweli. Baba yangu alikuwa fundi wa bomba.

Jina lake lilikuwa Maduhu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye baiskeli ya serikali na mfuko wa spana uliofungwa nyuma kwa mpira. Wazee wa kwetu huwaita binti zao mayu, yaani mama, kwa upendo, naye hakuwahi kuniita Minza isipokuwa nilipokosea. Kila Jumamosi asubuhi alikagua njia ya bomba kwa miguu kutoka kwenye tenki pale kilimani, akapita nyuma ya shule, akakatisha mtaani hadi kwenye kilula cha mwisho karibu na bonde la mto. Mama alizoea kuwaambia majirani kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni bomba.

Nilipofika darasa la tatu alianza kunichukua. Tulitembea polepole, yeye mbele, mimi nyuma. Alinifundisha kuyaona mambo ambayo wengine walikuwa wakiyakanyaga tu.

"Mahali palipochimbwa panabonyea kidogo, hata kama ni miaka ishirini iliyopita," aliniambia. "Angalia kama unavyoangalia paja la ng'ombe aliyekonda. Utaona mstari."

Nikaangalia, na kweli niliuona. Ulikuwa mfereji mwembamba, umenyooka, unapita katikati ya majani mahali ambapo hakuna njia ya mtu wala ya ng'ombe. Alinionyesha vigingi vifupi vya zege vilivyopakwa buluu kichwani, kimoja kila baada ya umbali fulani, na akanifundisha kuhesabu hatua kutoka kigingi hadi kwenye kiungo cha mabomba. Alinionyesha chemba za tofali zenye mfuniko wa chuma, ambamo koki za kufungia maji zilikaa pamoja na vyura. Wakati wa kiangazi, nchi yote imekuwa rangi ya ngozi ya simba, alinionyesha kijisehemu cha majani mabichi, upana wa mkeka, na vipepeo wametua.

"Hapo anavuja," alisema. Bomba kwake lilikuwa mtu.

Alikuwa na nondo moja nyembamba, ncha moja imelainishwa kwa kushikwa. Aliichomeka ardhini, akaweka sikio juu yake, akafumba macho. Kisha alinipisha. Nilisikia sauti kama ya mtu anayepumua usingizini mbali sana. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijiona nimeingizwa kwenye siri ya wakubwa.

Siri hiyo niliigawana na mtu mmoja tu, rafiki yangu Kabula. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Alizaliwa siku ya mvua ndiyo maana akaitwa hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa kama mvua, haji kimyakimya. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Tulibuni mchezo wetu: mmoja anafumbwa macho kwa kitambaa, anazungushwa, kisha anatakiwa atafute bomba kwa nyayo za miguu. Kabula alikuwa anadanganya, anachungulia chini ya kitambaa, halafu anadai ameyasikia maji kwa kisigino. Tulicheka hadi mama yake akatoka nje na mwiko.

Mama Kabula alikuwa akikaanga maandazi na kuchemsha chai, akiwauzia wakulima waliopanga foleni kwenye gulio la pamba. Mumewe alikuwa amehamia Kiloleli kulima mpunga, na kadiri miaka ilivyokwenda alirudi kwa nadra, mwishowe akawa haji kabisa. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na alikuwa haruhusu mtoto yeyote apite kwake bila kuonjeshwa kitu.

Halafu zikaja enzi za ruksa. Sisi watoto tulizipokea kwa furaha, siwezi kudanganya. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za rangi, biskuti, redio za kaseti na mitumba. Niliipata sketi yangu ya kwanza yenye marinda kutoka kwenye marobota hayo, na nikatembea nayo mtaa mzima bila kutumwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani yao na malori yao, wakawa wanawaita wakulima kwa vipaza sauti. Mzee mmoja wa mtaani alisema sasa tutapumua. Malori ya ushirika yakapungua, godauni lao likafungwa milango, popo wakahamia ndani.

Sisi tulikuwa hatujui kwamba upepo uleule ungefika mpaka kwetu. Neno lilikuwa "kupunguzwa". Watu wazima walilitamka kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Siku moja mchana baba alirudi kwa miguu. Baiskeli aliiacha ofisini, pamoja na mfuko wa spana. Alikuwa na barua mkononi na ile nondo begani. Nondo walimwachia kwa sababu hakuna aliyejua ni ya nini.

Mama aliisoma barua, akaikunja. "Na bomba?" aliuliza. "Nani ataliangalia?"

"Nimewaambia wanipe mtu nimtembeze wiki moja tu," baba alijibu. "Ramani yao ililiwa na mchwa. Wamesema watanijulisha."

Hakuna aliyekuja. Baba alikaa wiki mbili karibu na uzio, amevaa viatu vya kazi, kisha akavivua na kwenda kukodi shamba la pamba nje ya mji. Jumamosi hakukagua tena njia. Nilimwomba mara moja twende, akasema, "Si yangu tena, mayu." Sikumwomba tena.

Bomba nalo likaanza kudhoofika. Mashine ya kusukuma maji ilikosa dizeli, maji yakaja mara mbili kwa wiki, baadaye mara moja. Viwanja vikauzwa hadi juu ya njia yenyewe. Vigingi vya buluu viling'olewa, nikaviona kwenye majiko ya watu vimekuwa mafiga. Foleni ya ndoo ilizunguka kilula ikaenda mpaka barabarani, na wanawake waliokuwa wakisaidiana kujitwisha walianza kusukumana. Wengine walirudi kuchimba mchanga mtoni kama bibi zao.

Mama Kabula ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu chai haichemshwi bila maji. Alikuwa akitoka alfajiri na Kabula kwenda mtoni, wanarudi jua limepanda na wateja wameshaondoka. Alikonda. Hata hivyo, miezi ile ambayo kwetu chakula kilikuwa cha kuungaunga, aliendelea kunipa andazi kila nilipopita. Sikumbuki siku aliyoniacha niende mikono mitupu.

Mchana mmoja, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilikaa kwake nikila andazi langu. Kabula alikuwa amejilaza mkekani, shingo inamuuma kwa kubeba ndoo. Mama yake alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga mkavu ili asitumie maji.

"Minza," aliniambia bila kuinua kichwa, "baba yako alikuwa akipita huku nyuma ya jiko kila Jumamosi. Ni njia tu, au bomba linapita kwangu?"

Ningeweza kusema sijui. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikusema. Lakini ilikuwa karibu mwaka mzima hakuna mtu aliyeniuliza kitu ninachokijua. Baba yangu alikuwa amegeuka mtu wa kuonewa huruma, na hapa mtu mzima alikuwa ananiuliza kuhusu kazi ya baba.

"Linapita," nilisema. Nikasimama.

Nilikwenda nyuma ya jiko. Nilitafuta shimo la kigingi kilichong'olewa, nikalipata chini ya majani. Nilichuchumaa nikautafuta mstari uliobonyea, nikauona. Nilihesabu hatua, moja hadi kumi na moja, nikasimama, nikachora kwa kidole gumba cha mguu.

"Hapa ndipo kilipo kiungo," nilisema. "Chini, kina cha kunifika kifuani."

Kabula alipiga makofi kutoka mkekani. Mama yake alinitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwa mtu mzima. "Wabeja, mayu," alisema. Asante, mama. Nilirudi nyumbani nikijiona nimerefuka.

Walichimba wao wawili, mama na mwana, mchana, saa ambazo mtaa mzima uko mashambani. Iliwachukua siku tatu. Kiungo kilikuwa kimeoza kwa kutu, na walipokigusa kwa ncha ya sururu kilianza kutoa maji chenyewe, hawakuhitaji hata kukitoboa. Shimo likawa kisima kidogo. Siku ambayo mashine inawashwa lilijaa, na walichota kwa kopo hadi kila chombo ndani kikajaa. Kisha walilifunika kwa bati na kurundika mabua ya pamba juu yake. Kabula aliniapisha nisiseme, nami nikaapa kwa furaha. Mara kadhaa nilichota ndoo nikaipeleka nyumbani, nikasema nimeitoa kilulani. Baba alikunywa chai ya maji yale, akasema leo foleni imekuwa fupi.

Miezi miwili tuliishi vizuri. Mama Kabula alirudi kucheka. Halafu mvua zikaanza.

Zilikuwa mvua kubwa. Mbuga nyeusi iligeuka tope la kumeza gumboti, na maji machafu ya mtaa mzima yalitafuta mahali pa chini. Choo cha jirani wa juu kilibomoka upande mmoja. Shimo lililokuwa nyuma ya jiko lilijaa maji ambayo hayakutoka bombani. Kitu ambacho sisi hatukukijua, na ambacho baba angeweza kutueleza kwa maneno mawili, ni kwamba mashine ikizimwa bomba huwa tupu, na bomba tupu lenye tundu hunyonya. Lilinyonya shimo lile. Mashine ilipowashwa tena, lilipeleka kila kitu kwenye kilula cha chini, ambako nusu ya mtaa ilikuwa ikisubiri na ndoo, ikishukuru kwamba leo yametoka.

Watu walianza kuhara na kutapika. Kwanza mzee mmoja karibu na kilula, kisha mama na mtoto wake, kisha nyumba mbili kwa siku moja. Shule ilifungwa. Hospitalini waliweka mahema uwanjani, na kwenye milango wakamwaga dawa yenye harufu kali ambayo hadi leo nikiisikia mahali napoteza hamu ya kula. Tuliambiwa tuchemshe maji, na kuni zote zilikuwa zimelowa.

Kabula aliugua Jumanne asubuhi. Nilikwenda kwao na mpira wetu wa rede nikiwa sijui lolote, nikamkuta mama yake amembeba mgongoni kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu ikiburuza. Macho yake yalikuwa yamezama. Alinitazama akataka kusema kitu, na yeye aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, sikumsikia. Jumatano mchana akafariki.

Hawakuturuhusu kumwona. Alizikwa na watu wachache, harakaharaka, na wahudumu waliovaa glovu, bila nyimbo na bila chakula. Katika mtaa wetu walikufa sita kabla ugonjwa haujatulia. Wa mwisho alikuwa mwalimu wangu wa namba.

Siku mbili baada ya kumzika Kabula, baba alichukua nondo yake. Hakuna aliyemtuma. Alimwambia mama, "Wote walioumwa wanachota chini, wanaochota juu ni wazima. Tundu liko katikati." Ilikuwa saa sita mchana, jua limetoka baada ya mvua, ardhi inafuka mvuke. Alitembea kutoka shuleni kushuka, kila hatua kadhaa anachomeka nondo na kuinama. Nilimfuata kwa mbali. Nilitamani asisikie kitu. Nilitamani masikio yake yawe yamezeeka.

Alisimama nyuma ya jiko la mama Kabula. Hakuweka sikio tena, alisogeza tu mabua kwa mguu, akainua bati, akatazama ndani kwa muda mrefu.

Mama Kabula alikuwa amekaa kizingitini, amenyoa nywele zote. Hakunyanyuka.

"Umechimba juu ya kiungo," baba alisema taratibu. "Hukukosea hata nusu hatua. Nani alikuonyesha?"

Mwanamke yule aliinua macho. Yalinipitia mimi niliyesimama kando ya uzio, hayakutulia, yakarudi kwa baba.

"Nilikuona mwenyewe ukipita," alijibu.

Baba aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimeanza kulia, na kwa kilio hicho nilikuwa nimeshajibu. Nilisubiri aniite Minza. Uso wake ulifanya kitu ambacho sijakiona tena kwa mtu yeyote, kama mtu aliyetua mzigo na papo hapo akapewa mwingine.

"Mayu," alisema, "nenda kwa fundi baiskeli. Mwambie naomba mpira wa ndani uliochakaa na waya. Kimbia."

Nilikimbia. Aliingia shimoni hadi kiunoni, akalikausha kwa kopo, akakisafisha kiungo, akakizungushia mpira na waya tabaka juu ya tabaka. Kazi ilimchukua mchana wote. Kisha tulifukia, yeye kwa jembe, mama Kabula na mimi kwa mikono. Alipomaliza alikwenda ofisini akawaambia kiungo kilikuwa kimeoza, amekiziba, wasafishe bomba lote na waweke dawa kwenye tenki. Hakusema nyuma ya jiko la nani. Hakusema kulikuwa na shimo.

Ugonjwa ulikoma ndani ya siku chache. Ndipo watu wakapata nafasi ya kufikiri. Ilikuwaje fundi aliyepunguzwa kazi ajue palipoharibika kwa nusu siku tu, wakati ofisi nzima haikujua? Walianza kunong'ona kilulani, kisha wakasema wazi. Maduhu alikasirika walipompunguza. Maduhu aliharibu mwenyewe ili arudishwe kazini. Mkutano wa mtaa uliitishwa, akasimamishwa mbele ya watu waliofiwa.

"Tuambie, nani alitoboa?" mwenyekiti aliuliza.

"Kiungo kilikuwa kimeoza. Nimekiziba," baba alijibu. "Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Huna au hutaki?"

Nilikuwa nimekaa chini, mama amenishika mkono kwa nguvu, na sijui kama alikuwa anajua. Mama Kabula alikuwa upande wa wafiwa. Aliinamisha kichwa kilichonyolewa, mabega yanatetemeka. Watu walidhani analia kwa ajili ya mtoto tu.

Baada ya hapo hawakumpiga wala hawakumshtaki. Waliacha tu kumsalimia. Kwetu Usukumani salamu ni jambo refu. Mtu unamsalimia, unauliza ng'ombe, unauliza watoto, unauliza mvua. Baba alipita asubuhi akisema mwangaluka, na mwangaluka yake ikabaki hewani. Kanisani benchi letu likawa na nafasi pande zote mbili. Alivumilia msimu mmoja, kisha tukahamia kijijini upande wa Maswa, kwenye shamba la babu.

Aliishi huko miaka mingi. Alilima pamba na kuchunga ng'ombe wachache, na hakukanyaga tena Bariadi. Tulizungumza juu ya jambo lile mara moja tu, nikiwa tayari nimeolewa. Tulikuwa tunachambua pamba barazani. Nilimwambia nimekuwa nikitaka kuomba msamaha tangu siku ile.

"Kosa lilikuwa langu," alisema, akiendelea kutoa takataka kwenye pamba. "Nilikuonyesha lilipo. Sikukueleza kwa nini tulikuwa tunaliacha lilipo. Nilidhani tuna muda."

Alipofariki, watu wa Bariadi walikuja wachache, wengine, nadhani, kwa udadisi. Baada ya mazishi, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Mwanamke mzee, mwembamba, alinyanyuka kutoka upande wa wanawake akiegemea fimbo. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Mimi ni mama Kabula," alisema. "Bomba lile nililichimba mimi, nyuma ya jiko langu, na mwanangu wa pekee alikufa kwa maji yake. Maduhu alilikuta shimo, akalifukia, akanifichia. Mlipomnyima salamu nilikuwapo, nikanyamaza. Niliogopa mtanizika hai. Leo nimekuja kumwambia asante, na amekwisha lala."

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mama wa watoto wawili, mtu mzima wa kusimama na kuongezea sentensi moja tu. Sikusimama.

Baadaye alinikuta nikiosha sahani. Tulisalimiana kwa kirefu, kama inavyotakiwa.

"Mbona hukunitaja?" nilimuuliza.

"Ulikuwa mtoto unayekula andazi," alisema. "Aliyeshika jembe ni mimi." Kisha akachukua kitambaa akaanza kunifutia sahani.

Yeye naye hayupo tena. Kwa hiyo nimebaki mimi wa kulisema, na nimelisema.

Bariadi ya sasa ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Ina lami na taa za barabarani, na maji yanakuja kwa mabomba ya plastiki. Bili inaingia kwenye simu na mwanangu wa kiume anaamini kwamba maji yanatoka kwenye meseji. Hivi karibuni bomba lilipasuka karibu na geti letu, maji yakaruka juu ya mwarobaini. Vijana walitoka wote mbio, nikadhani wanakwenda kufunga koki. Walikuwa wanapiga video. Mmoja alijipanga mbele ya maji, akatengeneza nywele kwanza. Niliifunga koki mwenyewe, na kanga yangu ikalowa hadi kiunoni. Wakaniuliza nimejuaje ilipo. Nikawaambia nilibahatisha.

Sijawafundisha wanangu kuuona mstari kwenye majani. Hawajui ardhi iliyochimbwa inavyobonyea, na hawana sababu ya kujua. Maji yao ni salama kuliko yetu yalivyokuwa. Hilo ni jema na nalikubali. Lakini wanatembea mjini kama wapangaji, hawajui kilicho chini ya miguu yao wala nani alikichimba.

Tunapokutana sisi wa rika lile, kwenye harusi au msibani, huwa tunakaa upande mmoja na kuwasema vijana. Tunasema hawajui kujitwisha ndoo, hawajui kula mlenda, hawajui kuamkia. Tunacheka sana. Na kila tunapocheka huwa nangoja sauti moja ituzidi wote, sauti ya mwanamke ambaye sasa angekuwa mnene kama mama yake, mwenye wajukuu pengine, anayewasema watoto wake kwa kelele hadi meza ya pili inageuka. Nangoja mpaka kicheko kinaisha, kisha naomba mtu anipitishie chai.